Barua ya wazi kwa viongozi wa besiboli Afrika Mashariki: kabla kijana hajasaini kwenda ligi ndogo za Marekani

Waheshimiwa viongozi wa mashirikisho na vyama vya besiboli na softiboli vya Uganda, Kenya na Tanzania, wakuu wa mabaraza ya michezo, na nyinyi mnaoendesha akademi binafsi,

Tunawaandikia kuhusu vijana wanaosajiliwa na klabu za Marekani. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates wakamchukua mrushaji David Matoma, na kufikia 2024 alikuwa ameshatoka Jamhuri ya Dominika na kufika Bradenton, Florida. Hayo ni mafanikio makubwa na mnastahili pongezi. Lakini siku ya kusaini ndiyo siku ambayo wengi wenu mnaijua vizuri. Misimu saba inayofuata haisemwi kwenye vikao, haimo kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, na mzazi haelezwi. Kwa sehemu kubwa kazi ya kijana huko huamuliwa na mambo yaliyofanyika, au yaliyosahauliwa, kabla hajapanda ndege. Mengi ya mambo hayo yako mikononi mwenu, wala si mikononi mwa klabu.

Tuanze na ngazi zenyewe, kwa sababu tumesikia viongozi wakisema kijana "amejiunga na ligi kuu ya Marekani" ilhali yuko hatua sita chini yake. Kila klabu kati ya 30 za ligi kuu ina timu nne za ligi ndogo zinazocheza mbele ya watazamaji wanaolipa: A, A ya Juu, AA na AAA. Jumla ni timu 120 tangu mpango ulipopunguzwa mwaka 2021. Kabla ya hapo zilikuwa 160. Chini ya hizo kuna ligi za vituo vya mazoezi, Arizona na Florida, zinazochezwa mchana wa jua kali kuanzia Mei hadi Julai, mara nyingi bila watazamaji. Chini kabisa iko ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika. Kijana wetu huanzia huko, au akibahatika, kwenye kituo cha Arizona au Florida.

Kwa hiyo lugha ya kwanza atakayoihitaji kazini ni Kihispania. Kocha wa kurusha, mpishi, dereva wa basi na wenzake wa chumbani wanaongea Kihispania. Miezi mitatu ya masomo kabla ya safari, saa moja kila siku, inatosha kumpa maneno ya uwanjani, ya chakula na ya maumivu. Haya ya mwisho ndiyo muhimu kuliko yote. Asiyejua kumwambia mtaalamu wa viungo kwamba kiwiko kinachoma kwa ndani atanyamaza na kuendelea kurusha.

Sasa hesabu ya miaka, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi huachwa gizani. Chukua kijana aliyesaini Januari 2026 akiwa na miaka 17. Msimu wa 2026 ni wake wa kwanza. Klabu inamshikilia misimu saba ya ligi ndogo, yaani hadi msimu wa 2032 uishe, akiwa na miaka 23 au 24. Ndani ya muda huo hawezi kuchagua timu nyingine, ila klabu inaweza kumpeleka klabu nyingine kwa mabadilishano au kumtema siku yoyote. Mkataba unambana yeye kwa miaka saba, lakini haumhakikishii hata msimu mmoja. Mzazi akisikia "mkataba wa miaka saba" hudhani mwanawe ana ajira ya miaka saba. Mwelezeni wazi kwamba sivyo.

Kuna mlango mmoja wa katikati. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, baada ya misimu mitano klabu lazima iamue: imwingize kwenye orodha ya wachezaji 40 inaowalinda wasichukuliwe na klabu nyingine, au imwache wazi kwenye uchaguzi wa Desemba unaojulikana kama Kanuni ya 5. Kwa kijana wa mfano wetu hiyo ni Desemba 2030. Klabu nyingine ikimtaka inalipa dola 100,000 na lazima imweke kwenye kikosi cha wachezaji 26 cha ligi kuu msimu mzima. Ikishindwa, inapaswa kumpa nafasi ya kurudi klabu yake ya awali kwa dola 50,000. Aliyesaini akiwa na miaka 19 au zaidi hufikia mlango huo baada ya misimu minne, na kwa waliosaini kuanzia 2024 klabu humshikilia misimu sita badala ya saba. Kwa vijana wetu, ambao wengi huanza besiboli wakiwa wakubwa, tofauti hii si ndogo. Kijana wa miaka 19 aliyepunguzwa umri hadi 17 anajiongezea mwaka mzima wa kufungwa na klabu moja, mbali na hatari ya kukamatwa.

Na kukamatwa kupo. Januari 2012 mrushaji wa Cleveland aliyekuwa akiitwa Fausto Carmona alikamatwa Santo Domingo akitoka ubalozi mdogo wa Marekani. Ilibainika kwamba jina lake halisi ni Roberto Hernández na umri wake ulikuwa miaka mitatu zaidi ya ule alioutangaza. Kwetu, timu ya watoto kutoka Kampala iliyokuwa imefuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2011 ilinyimwa viza kwa sababu ya hitilafu za umri na nyaraka. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika Williamsport, Marekani, yanakofanyika mashindano hayo, na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Kati ya safari hizo mbili, vyeti vilikuwa na uzito uleule wa uwezo wa uwanjani.

Tunachoomba juu ya vyeti ni kazi ya ofisi, haina utukufu, lakini ifanywe. Kijana akifika miaka 12 ndani ya programu yoyote iliyo chini yenu, faili lake lifunguliwe. Cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA kwa Uganda, RITA kwa Tanzania, au msajili wa vizazi na vifo kwa Kenya. Nakala ya kadi ya kliniki. Matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Vitambulisho vya wazazi. Kisha mtu mmoja akae na karatasi zote mezani na kulinganisha tahajia ya kila jina, herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed, jina la babu likiwepo huku na kukosekana kule, tarehe iliyogeuzwa mwezi ukawa siku: haya ndiyo yanayokwamisha maombi. Marekebisho yafanywe mapema, kwa hati ya kiapo na kwa njia rasmi. Cheti kilichoandikishwa kwa kuchelewa, kijana ana miaka 16 na skauti, yaani msaka vipaji wa klabu, ameshakuja, kinazua maswali hata kama kila kilichomo ni kweli.

Fedha. Dirisha la usajili wa kimataifa hufunguliwa 15 Januari na kufungwa 15 Desemba. Kila klabu ina kiwango cha juu cha fedha inachoruhusiwa kutumia kwa vijana wa nje, na hairuhusiwi kukivuka. Lakini dau, yaani malipo ya kusaini, la dola 10,000 au chini yake halihesabiwi ndani ya kiwango hicho. Hii ndiyo sababu vijana wa nchi zisizo na sauti kwenye mchezo huu huletewa ofa za namna hiyo. Namba hiyo imetokana na kanuni, haijapimwa kwa mkono wa kijana. Mrushaji anayefikisha kilomita 151 kwa saa, ambao ndio wastani wa mpira wa kasi katika ligi kuu siku hizi, hapaswi kuingia kwenye mazungumzo akidhani dola 10,000 ni kipimo cha thamani yake.

Kisha mshahara. Kwa makubaliano ya pamoja yaliyofikiwa mwaka 2023, ya kwanza katika historia ya ligi ndogo, kima cha chini kwa mwaka kilipanda hivi: vituo vya mazoezi kutoka dola 4,800 hadi 19,800, A kutoka 11,000 hadi 26,200, A ya Juu kutoka 11,000 hadi 27,300, AA kutoka 13,800 hadi 30,250, na AAA kutoka 17,500 hadi 35,800. Klabu pia hutoa malazi, na kwa AA na AAA kila mchezaji hupata chumba chake. Ni hatua kubwa. Ila tafadhali someni hapa mara mbili: makubaliano hayo hayawahusu wanaocheza Jamhuri ya Dominika. Wale hawamo kwenye chama cha wachezaji. Ngazi ambayo kijana wetu ana umri mdogo zaidi, yuko mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza na hajui lugha, ndiyo ngazi isiyo na mtetezi. Kama kuna mahali shirikisho linapaswa kuwa na namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana, ni hapo.

Tofauti kati ya ngazi ya juu ya ligi ndogo na ligi kuu nayo ielezwe bila kupambwa. Kima cha chini cha ligi kuu kwa mwaka 2026 ni dola 780,000. Siku moja tu kwenye kikosi cha ligi kuu inampa mchezaji haki ya kuingia kwenye bima ya afya ya wachezaji hata baada ya kustaafu, na siku 43 zinampa haki ya pensheni. Kwa sababu hiyo utamkuta mtu wa miaka 30 bado anapanda basi la AAA. Mjue pia kwamba viti ni vichache: vikosi 30 vya wachezaji 26 ni watu 780, wakati kila klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji hadi 165 wa ligi ndogo ndani ya Marekani wakati wa msimu. Idadi hiyo ilikuwa 180 kabla ya 2024. Maana yake kwa kijana aliye chini ni kwamba kila Julai, wanapoingia wapya waliochaguliwa kwenye dirafti, yaani zoezi la klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, lazima wengine watemwe ili nafasi ipatikane. Wimbi jingine la kutemwa huja mwishoni mwa Machi, mazoezi ya kabla ya msimu yanapoisha. Katika vipindi hivyo viwili familia isipange matumizi makubwa.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pirates mwaka 2008. Aliingia uwanjani kama mchezaji wa kwanza wa ligi kuu aliyezaliwa Afrika tarehe 26 Aprili 2017, na zamu yake ya kwanza ya kupiga akaupiga mpira uliorushwa na Jon Lester wa Chicago Cubs na kufika besi ya kwanza. Kati ya saini na siku hiyo kuna takriban misimu tisa ya mabasi, vyumba vya pamoja na kupandishwa na kushushwa. Mnapowaonyesha vijana picha ya siku ile, waonyesheni na miaka ile tisa.

Tunafika kwenye jambo linalotusumbua kuliko mengine, nalo ni mkono wa mrushaji. Skauti anakuja na kifaa cha kupima kasi. Kijana anajua, kocha anajua, na kila mmoja anataka namba ipande. Kijana wa miaka 15 anarusha kwa nguvu zote Jumamosi asubuhi, anadaka mechi ya mchana, anarusha tena Jumapili, na Jumatatu yuko mbele ya mgeni mwenye kifaa. Kinachochakaa ni ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko, utepe mdogo unaoshikanisha mfupa wa mkono wa juu na ule wa chini. Misuli ikichoka inaacha kuulinda, na mzigo wote unauangukia. Ukikatika, suluhisho ni upasuaji unaoitwa kwa jina la Tommy John, na kurudi uwanjani huchukua miezi 12 hadi 18. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa na ligi kuu Desemba 2024 ilisema waziwazi kwamba kukimbiza kasi ya juu na kurusha kila mpira kwa nguvu zote ni miongoni mwa sababu kuu za majeraha haya kuongezeka, na kwamba tatizo linaanza utotoni.

Miongozo ipo, ni ya bure, na imetolewa na ligi kuu pamoja na chama cha besiboli cha Marekani. Miaka 13 hadi 16: mirusho isizidi 95 kwa siku. Miaka 17 na 18: isizidi 105. Mapumziko ya mrushaji wa miaka 15 au 16 yanahesabiwa hivi: akirusha hadi mirusho 30, anaweza kurudi kesho yake, 31 hadi 45, siku moja ya kupumzika, 46 hadi 60, siku mbili, 61 hadi 75, siku tatu, 76 na kuendelea, siku nne. Ndani ya miezi 12 asizidishe iningi (vipindi vya mchezo) 100, na kila mwaka apate angalau miezi minne bila kurusha mashindanoni, ambayo ndani yake miwili au mitatu iwe mfululizo bila kurusha kabisa. Aliyerusha asidake siku hiyohiyo, kwa sababu mdakaji naye anarudisha mpira kila mara na mkono haupumziki.

Ili hili lifanye kazi hamhitaji mfadhili. Mnahitaji daftari na mtu mmoja asiye kocha, aliyekaa nyuma ya wavu na kuandika kila mrusho. Daftari limfuate kijana kutoka klabu kwenda shule kwenda timu ya taifa, maana jeraha hutokea pale ambapo kila kocha anahesabu mirusho ya kwake peke yake. Waamuzi wapewe mamlaka ya kumtoa mrushaji aliyefikisha kikomo, na timu inayokaidi ipoteze mchezo. Bila adhabu hiyo fainali moja tu itatosha kubatilisha kila kitu.

Halafu kuna kilima, yaani mwinuko wa udongo ambao mrushaji husimama juu yake. Viwanja vyetu vingi ni vya mpira wa miguu vilivyochorwa besi kwa chokaa, na mrushaji anarusha akiwa amesimama kwenye tambarare. Akifika Boca Chica, kule Jamhuri ya Dominika, anapandishwa kwenye kilima kwa mara ya kwanza, mguu wa mbele unatua chini zaidi ya alivyozoea, bega linachelewa, na mkono unalazimika kufidia. Wiki za kwanza anaonekana hajui kulenga, wakati kilichobadilika ni udongo ulio chini ya miguu yake.

Kujenga kilima ni kazi ya siku mbili tatu. Chora duara lenye upana wa mita 5.5. Kipande cha kukanyagia, sentimita 61 kwa 15, kiwekwe mita 18.44 kutoka ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na uso wake uwe juu ya besi hiyo kwa sentimita 25. Mbele ya kipande acha sentimita 15 za tambarare, kisha mteremko uanze kushuka kwa kipimo kilekile hadi chini: sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30. Pima kwa kamba na pima-maji, kwa sababu jicho hudanganya. Jaza udongo kwa matabaka ya sentimita mbili hadi tatu, nyunyizia maji, shindilia, ndipo uongeze tabaka jingine. Ukimwaga wote kwa mpigo, juu utakuwa mgumu na ndani laini, na mguu utachimba shimo siku ya kwanza. Shimo hilo linapindisha goti. Sehemu mbili zinazokanyagwa sana, mbele ya kipande na pale mguu wa mbele unapotua, zinahitaji udongo mfinyanzi mzito kuliko kwingine. Udongo wa kichuguu, ambao watu wetu wamesakafia nyumba kwa vizazi, unafaa sana ukipepetwa na kushindiliwa ukiwa na unyevu. Funika kwa turubai mvua ikinyesha. Dar es Salaam tayari mna uwanja wa besiboli pale Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mafundi wa mikoani waletwe wauone na kuupima.

Kwa wapigaji tutasema kwa ufupi. Magongo ya aluminiamu yanasamehe makosa: mpira ukigonga karibu na mkono bado unaruka. Gongo la mti linavunjika. Mpeni mpigaji mwenye matumaini mwaka mzima wa gongo la mti kabla ya majaribio, hata kama ni mazoezini tu. Wote wazoeshwe saa ya kurusha: sekunde 15 besi zikiwa tupu, 18 kukiwa na mkimbiaji. Mrushaji akichelewa anaandikiwa boli, yaani mrusho mbaya, na mpigaji asiye tayari sekunde nane zikibaki anaandikiwa straiki, yaani kosa la mpigaji. Saa ya ukutani na filimbi vinatosha kufundishia.

Sasa karatasi yenyewe ya mkataba. Tunaomba isisainiwe hotelini, usiku, mgeni akiwa na ndege ya asubuhi. Shirikisho liweke kanuni kwamba mkataba wa kijana aliye chini ya miaka 18 husomwa na wakili asiyelipwa na klabu wala akademi, na maudhui yake hufafanuliwa kwa mzazi kwa lugha anayoisema nyumbani. Wakili aulize: dau linalipwa lini na kwa awamu ngapi? Vipimo vya afya vinafanyika wapi, na kijana akifeli, nani anamrudisha? Kuna mpango wa kumlipia masomo akitemwa? Mpango wa namna hiyo umezoeleka kwa Wamarekani wanaochaguliwa kwenye dirafti, na huwa na tarehe ya mwisho ya kuanza chuo. Usipoandikwa siku ya kusaini hakuna wa kuudai baadaye. Na aulize ni nani mwingine anayechukua sehemu ya fedha hizi. Huko Dominika walezi wa vijana, wanaoitwa buscones, wanajulikana kwa kuchukua asilimia 30 hivi ya dau, na wengine zaidi. Akademi inayomlea kijana kwa miaka mitano ina haki ya kurudishiwa gharama, hatulikatai hilo. Lakini asilimia iandikwe, iwe na kikomo kilichowekwa na shirikisho, na mzazi aione kabla hajashika kalamu.

Mwisho wa safari nao upangwe mwanzoni. Wachezaji wa ligi ndogo huingia Marekani kwa viza ya P-1, waliyofunguliwa kwa sheria ya mwaka 2006. Viza hiyo imefungwa na klabu: hairuhusu kibarua kingine, hata wakati ligi imesimama. Kijana akitemwa, malazi yanaisha na sababu ya kuwepo kwake nchini inaisha pia. Sheria inamtaka mwajiri aliyemwachisha kabla ya muda agharimie usafiri wa kumrudisha kwao. Kijana alijue hilo na alidai kwa maandishi kabla hajakabidhi funguo za chumba. Na asisaini fomu ya uchunguzi wa afya wa kuondoka akisema hana tatizo wakati kiwiko kinauma. Vijana hufanya hivyo kwa matumaini kwamba klabu nyingine itawapigia simu, kisha hujikuta nyumbani na jeraha ambalo hakuna anayelipa matibabu yake.

Anayerudi hapa ana miaka 20 au 22, anajua Kihispania na Kiingereza cha uwanjani, amefundishwa na makocha wa kulipwa, na mara nyingi hana cheti cha kidato cha nne. Mwandikisheni mtihani wa kujitegemea kabla hajaondoka au akiwa huko, na mpeni nafasi ya ukocha yenye mshahara akirudi. Hatujasikia shirikisho lolote kati ya yenu likitangaza hadharani mpango wa kumpokea mchezaji aliyetemwa.

Kuna jambo la kufuatilia kwa karibu. Makubaliano ya ligi kuu kati ya klabu na wachezaji yaliwekewa mwisho wa 1 Desemba 2026. Klabu zimekuwa zikitaka dirafti ya kimataifa kwa miaka mingi; mazungumzo ya mwaka 2022 yalivunjika Julai bila muafaka. Ikipitishwa, kijana wa kwetu hataweza tena kuchagua klabu ya kusaini nayo, na utaratibu wa madau utabadilika wote. Nchi zisizoandika maoni yao hazitafikiriwa. Andikeni, kwa pamoja, kupitia shirikisho la Afrika na lile la dunia.

Tunaomba kila shirikisho litangaze kwa maandishi mambo haya: jina la ofisa anayeshika mafaili ya vyeti, kanuni ya daftari la mirusho na adhabu zake, kikomo cha asilimia ya walezi, na wakili atakayesoma mikataba. Dirisha linapofungwa 15 Desemba mnapata mwezi mmoja kamili ambao hakuna klabu inayoweza kumsainisha kijana. Mwezi huo unatosha kwa kazi hii.

Wenu katika mchezo,
Makocha na wafuatiliaji wa besiboli Afrika Mashariki